Je, Wajua Popobawa Huja Saa Ngapi?

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1995 ulianza mapema Februari. Kabla haujaisha, watu wa Pemba walikuwa wamevihama vyumba vyao. Jua likizama walitoka na mikeka, wakatandika uani na barazani, familia kadhaa pamoja, wakakoka moto na kukesha wakizungumza. Walikuwamo wavuvi na wachumaji karafuu, wanaume wasiotishwa na bahari ya usiku wala na mkarafuu mrefu. Sasa waliogopa kitanda. Walikuwa wanamkimbia popobawa.

Waliopatwa walisimulia mambo yanayofanana sana. Mtu amelala chali, mara anashtuka. Anahisi chumbani hayuko peke yake. Mmoja husema alisikia makucha yakikwaruza bati, mwingine alipigwa na harufu kali, mwingine aliona kivuli chenye mbawa kama za popo. Kisha uzito unamtua kifuani. Anataka kuita, sauti haitoki. Anataka kuinua mkono, hauinuki. Wengi, wanawake kwa wanaume, walisema pia kuwa waliingiliwa kwa nguvu. Na ikavumishwa kwamba popobawa humwamuru aliyemvamia aende akawatangazie wenzake, la sivyo atamrudia. Amri hiyo ndiyo iliyoupa uvumi mbio. Jambo la aibu ambalo mtu angelizika moyoni likawa linasimuliwa sokoni na vijiweni, na kila aliyelisikia alikwenda nalo kitandani.

Huo haukuwa ujio wake wa kwanza. Masimulizi ya Pemba yanamrudisha nyuma hadi mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wengine husimulia kuwa katika miaka ya 1970 kulikuwa na mtu aliyegombana na majirani, akawaachia jini ili alipize kisasi, jini likamshinda, na ndilo popobawa. Ule wa 1995 ndio uliovuma kuliko yote. Kutoka Pemba hofu ilivuka hadi Unguja, ikaenea mashamba na mjini, ikafika mpaka Dar es Salaam. Iliibuka tena visiwani mwaka 2001, na mwaka 2007 ikawa zamu ya Dar es Salaam, ambako nako wanaume walilala nje kwa makundi.

Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, kwa hiyo siasa haikukosa kuingia. Pemba ilikuwa ngome ya CUF, chama cha upinzani, na walikuwapo waliosema popobawa ameletwa na watu wa CCM, chama tawala, ili kuwatia watu hofu. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeandika kwa kina juu ya mkasa huo, ameonyesha kuwa maelezo ya kisiasa yalikuwa mengi na yalibadilika kadiri mambo yalivyokwenda. Mimi naona siasa inasaidia kueleza kwa nini hofu ilikuta kuni kavu. Lakini mwaka 2007 haukuwa wa uchaguzi. Na hakuna kampeni inayoweza kumkalia mtu kifuani saa tisa ya usiku.

Kinachoweza ni jinamizi, na hilo Waswahili walilijua zamani kabla popobawa hajatajwa.

Usingizi hauendi sawasawa tangu kulala hadi kuamka. Huzunguka, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika 90, na karibu na mwisho wa kila mzunguko huja usingizi wa ndoto. Hapo macho hucheza chini ya kope na ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho. Vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ili mtu asirushe ngumi na mateke kwa kufuata anachokiota, shina la ubongo huzinyamazisha neva zinazoendesha misuli, likitumia kemikali mbili ziitwazo glaisini na GABA. Hubaki huru misuli ya macho na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu.

Sasa hutokea fahamu zikatangulia kuamka, na mwili bado haujafunguliwa. Mtu huyo anaona kweli: hiyo dari, hicho chandarua, huo mwanga unaopenya chini ya mlango. Lakini ndoto nayo haijakatika, kwa hiyo anaviona vya ndotoni ndani ya chumba chake mwenyewe, na ndiyo maana akiapa kwamba hakuwa anaota hasemi uongo. Uzito wa kifuani nao una sababu. Misuli ya mbavu imelegea, pumzi inakwenda fupifupi kwa kiwambo peke yake. Akijaribu kuvuta pumzi ndefu kifua hakimtii, naye anahisi anakandamizwa. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, huwa kazini sana katika usingizi huo, basi hisia kwamba kuna adui karibu humjia kabla hajaona chochote. Hata lile la kuingiliwa lina mlango wa kupitia: katika usingizi wa ndoto viungo vya uzazi huamka vyenyewe, kwa wanaume na wanawake, hata kama ndoto haikuwa ya mapenzi. Yote hayo hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha mwili unafunguka.

Mataifa mengi yamemwona mgeni huyu, kila moja kwa sura yake. Watu wa Newfoundland, Kanada, humwona bikizee mchawi. Wajapani wana kanashibari, Waturuki wana karabasan. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli alichora mwanamke aliyelala huku pepo mdogo akiwa amemkalia juu ya mwili, na picha hiyo iko katika jumba la sanaa la Detroit. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kuwa takriban watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi idadi ilifika 28.

Tofauti hiyo ya wanafunzi inaeleweka, kwa sababu jinamizi hupenda usingizi uliokatikakatika. Hapo ndipo ninapouona mkasa wa 1995 kwa ukaribu zaidi. Ramadhani watu huchelewa kulala baada ya tarawehe, kisha huamka kula daku, saa zilezile ambazo usingizi wa ndoto ni mrefu. Kisha likaja jina linalotisha. Mtu akakesha kwa kumwogopa popobawa, kesho yake akasinzia kwa uchovu, jinamizi likamkuta amechoka zaidi kuliko jana, naye sasa anajua la kuliita. Hofu ilikata usingizi, na usingizi uliokatika ukazaa hofu.

Sisemi haya ili kumtoa mtu katika imani yake. Majini yametajwa katika Kurani, na anayesoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala anafanya jema kwa roho yake, na utulivu anaoupata unamfaa hata mwilini. Wala si kila aliyesimulia mwaka ule alipatwa na jinamizi. Wengine walichukuliwa na uvumi. Lakini kuna gharama ambayo ilikuja kwa kutojua. Mjini Unguja, mwaka huohuo 1995, umati ulimuua mgonjwa wa akili kwa kudhaniwa kuwa yeye ndiye popobawa. Binadamu huyo hakumkaba mtu yeyote.

Kwa hiyo ukikabwa usiku, usipigane na mwili mzima. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, au zungusha macho, na ungoje. Hali hiyo haiui. Lala kwa ubavu, kwani kulala chali huizidisha, na ushike saa za kulala. Ikikurudia mara kwa mara, hasa kama mchana unazidiwa na usingizi usiozuilika, nenda hospitali, kwa maana kuna maradhi ya usingizi yanayoambatana nayo. Mwanao au jirani akikwambia ameingiliwa usiku, msikilize hadi mwisho, kwa sababu huenda aliyemtenda ni mtu, na mtu ana mkono wa sheria wa kumfikia. Na siku mtaani kwenu patakapopigwa kelele kuwa popobawa amekamatwa, simama mbele ya huyo aliyekamatwa, uwazuie watu wasimguse mpaka polisi wafike.