Wingu, Pacha na Fungu: Istilahi za Gharama ya Utafutaji

Neno "wingu", kwa maana ya kompyuta za mbali zinazokodishwa kwa njia ya intaneti, limekwisha kuzoeleka, nasi hatuna nia ya kuligombania. Hata hivyo, tulipofika Buhigwe, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kuipima rasimu yetu ya istilahi mbele ya watumiaji, tuliona jinsi neno hilo linavyoweza kupotosha. Huko mawingu hushuka mpaka vilimani, huinywesha migomba na mibuni, na hakuna aliyewahi kudaiwa kwa ajili yake. Mhasibu wa asasi moja ya wakulima alitufungulia jalada lenye ankara za wingu la namna nyingine.

Asasi hiyo ilikodi huduma ya utafutaji, yaani programu inayosoma nyaraka mapema, kuzitengenezea faharasa, kisha kumjibu mwulizaji papo hapo. Mhasibu aliamini kwamba analipia kila ulizo. Kwa hiyo aliwasihi wenzake wasitafute ovyo. Maulizo yakapungua, ankara haikupungua hata senti moja.

Kosa halikuwa lake. Zipo huduma zinazotozwa kama mashine ya kusaga, ambapo mtu hulipa kwa kila debe alilosaga. Zipo na zile zinazotozwa kama ghala la kupanga, ambalo kodi yake hudaiwa liwe na magunia au liwe tupu. Huduma nyingi za utafutaji ni za aina hii ya pili. Azure AI Search ya kampuni ya Microsoft, kwa mfano, katika madaraja yake ya kawaida ya kulipia hutozwa kwa saa tangu inapofunguliwa hadi inapofutwa, wala haiwezi kusimamishwa kwa muda. Tumependekeza basi "malipo ya matumizi" kwa namna ya kwanza na "malipo ya pango" kwa ya pili.

Kodi yenyewe hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili. Cha kwanza ni idadi ya mitambo inayobeba faharasa ile ile ili igawane maulizo. Rasimu yetu iliuita kila mmoja "nakala", na hapo, ni lazima tukiri, tulimtia mtu hasara. Mhasibu aliposoma "nakala 3" alifikiri ni nakala za akiba, zile zinazowekwa kabatini kwa hofu ya moto, naye hakuthubutu kuzigusa. Mitambo hiyo si akiba. Inafanya kazi kwa wakati mmoja. Sasa tunapendekeza "pacha". Cha pili ni sehemu ambazo faharasa hugawanywa ili ienee. Hiyo tuliiita "kigawe", tukasahau kwamba wanafunzi wa hisabati wanalo neno hilo tayari katika "kigawe kidogo cha shirika". Tumelibadili kuwa "fungu". Mapacha 3 kwa mafungu 2 ni vipimo 6, na kila kimoja hulipiwa kila saa, usiku na mchana.

Kwa istilahi hizi ufuatiliaji huwa mwepesi kuelezeka. Maulizo yakicheleweshwa au yakikataliwa kwa wingi, pacha mmoja huongezwa. Nafasi ikijaa, huongezwa fungu. Vipimo vikionyesha kwamba mapacha wamekaa bure, apunguzwe mmoja. Lakini ifahamike kwamba Microsoft huahidi upatikanaji wa huduma kwa maulizo pale tu penye mapacha 2 au zaidi, na kwa maulizo pamoja na uandishi wa faharasa pale penye 3. Asasi inayofungua ofisi saa za kazi tu huenda isihitaji ahadi hiyo.

Mafungu nayo hupungua kwa kupogoa faharasa. Si kila safu ya daftari inastahili kutafutwa, kuchujwa na kupangwa kwa mfuatano. Kila sifa ya namna hiyo huweza kuongeza ukubwa. Picha za hati zikae katika hifadhi ya bei nafuu, faharasa ibaki na maneno yake. Iwekwe pia "kengele ya bajeti", yaani taarifa inayotumwa matumizi yanapofikia kiwango kilichopangwa. Tuonye hapa kwamba kengele hulia tu, haizimi kitu. Huduma za majaribio zilizosahauliwa ni za kufutwa, maana hakuna namna nyingine ya kuzinyamazisha.

Limebaki neno "daraja", tulilolitumia hapo juu kwa ngazi ya bei. Wasikilizaji wetu wa Buhigwe walililalamikia, kwani kwao daraja ni kwanza lile la kuvukia mto. Baadhi walipendekeza "ngazi", wengine "kiwango". Hatujaamua. Msomaji aliye na neno lililo bora na atuandikie kabla rasimu haijapelekwa kusanifiwa.