Sekunde Tatu za Munich: Jinsi Saa ya Mchezo Inavyorekebishwa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 1972, mjini Munich, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa zikimaliza fainali ya mpira wa kikapu ya Michezo ya Olimpiki. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Doug Collins wa Marekani alifunga mitupo miwili ya adhabu, na timu yake ikaongoza kwa pointi 50 kwa 49. Wasovieti waliurusha mpira ndani, lakini mchezo ukasimamishwa saa ikionyesha sekunde 1, kwa kuwa walidai walikwisha kuomba mapumziko mafupi. William Jones, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo, akaagiza sekunde 3 zirudishwe. Mpira ulirushwa tena kabla saa haijawekwa sawasawa. Honi ikalia, Wamarekani wakashangilia. Ikabidi kurudia mara ya tatu. Ivan Edeshko alirusha mpira kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, Alexander Belov akaudaka na kuutia kikapuni: 51 kwa 50. Rufani ya Marekani ilikataliwa kwa kura 3 dhidi ya 2, na wachezaji wake wakakataa medali za fedha.

Makosa ya saa hutokana na nini? Kwa kanuni, mpira unaporushwa ndani, saa huanza unapoguswa na mchezaji aliye uwanjani, wala si unapotoka mkononi mwa mrushaji. Saa husimama filimbi inapolia. Lakini sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Mshika saa aliye umbali wa meta 20 huisikia baada ya sekunde 0.06. Baadaye ubongo na kidole huhitaji kama sekunde 0.2 zaidi. Wanafunzi wanaweza kujipima: rula iliyoachiwa ghafla, ikidakwa baada ya kuanguka sentimeta 20, huonyesha kwamba mdakaji amechelewa kwa muda kama huo. Ndiyo maana katika ligi nyingine mwamuzi huvaa kifaa kinachotambua sauti ya filimbi na kusimamisha saa papo hapo.

Kosa likitokea, kanuni za kimataifa huruhusu lirekebishwe wakati wowote kabla mwamuzi mkuu hajatia sahihi karatasi ya matokeo. Mwamuzi huwauliza wenzake na maofisa wa mezani, kisha huamua. Palipo na kamera, yeye hutafuta alama mbili: mguso wa kwanza na tukio la mwisho. Tuseme saa ilikwama kwenye sekunde 3.0, na picha 35 zinatenganisha matukio hayo. Kamera ikipiga picha 25 kwa sekunde, muda uliotumika ni 35 ÷ 25, yaani sekunde 1.4. Saa huwekwa 1.6.

Tofauti ndogo huwa na uzito. Mpira unaporushwa ndani, mchezaji anaweza kuudaka na kuutupa kikapuni endapo tu zimebaki sekunde 0.3 au zaidi, zikiwa 0.2 au 0.1, kikapu halali ni cha kuusukuma tu au kuutia moja kwa moja kwa mkono.

Pale Munich hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ugomvi ulikuwa juu ya tukio lipi lichukuliwe kuwa mwanzo, na nani mwenye mamlaka ya kuamua. Hadi leo medali hizo hazijachukuliwa na timu.