Unene wa Kijana Si Dalili ya Afya

Hapa Maretadu kijana akirudi kutoka mjini amenenepa, majirani husema, "Amenawiri!" Mzazi hufurahi. Lakini unene uliopita kiasi si afya.

Mwaka huu mama mmoja alimleta zahanati mwanawe wa miaka 15. Kijana alikuwa akikaa kwa mjomba wake mjini. Huko alikula chipsi na kunywa soda kila siku, na shule alikwenda kwa pikipiki. Aliporudi nyumbani alishindwa kupanda kilima bila kuhema. Mama alidhani ni kifua. Nilipompima, kifua kilikuwa kizima. Kilichomlemea ni unene.

Damu yetu ina mafuta. Mwili unayahitaji, lakini kwa kiasi. Aina moja huitwa kolesteroli. Ikizidi, hujishika ndani ya mishipa kidogo kidogo, kama tope katika mfereji. Njia ya damu huwa nyembamba. Ikiziba, moyo hukosa damu, na mtu anaweza kufa ghafla.

Utasema, "Huo ni ugonjwa wa wazee." Huonekana uzeeni, lakini huanza ujanani. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walieleza walivyochunguza mioyo ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Katika kila askari 100, 77 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo.

Mzazi, fanya haya:

1. Soda iwe ya sikukuu. Chupa ndogo huweza kuwa na sukari vijiko 8 vya chai. Sukari ikizidi, mwili huigeuza kuwa mafuta.

2. Punguza vyakula vya kukaanga. Mpe ugali wa kiasi, maharage, mboga za majani na matunda.

3. Atoe jasho dakika 60 kila siku: achote maji, achunge, alime, acheze mpira.

4. Usimcheke, wala usimnyime chakula. Bado anakua.

5. Mpeleke hospitali apimwe mafuta ya damu, sukari na shinikizo la damu. Mafuta yaliyo ndani ya damu hayaonekani kwa macho.

Yule kijana amebaki kwa mama yake. Shule anakwenda kwa miguu, na jioni anarudisha ng'ombe. Juzi nilikutana naye kilimani. Alinisalimia bila kuhema.

Je, wa kwako anapandaje kilima?