Humu Mna Watu: Kuzihuisha Santuri za Kale

Arubaini ya marehemu bibi yetu ilipokwisha, tulikusanyika nyumbani Kibokoni, hapa Mji wa Kale, ili kupanga vitu vyake. Chini ya kitanda chake cha samadari tulikuta kasha, na ndani yake, baina ya leso zilizokunjwa, mlikuwa na sahani 19 za santuri: nyeusi, nzito, zenye kuvunjika upesi kama vigae. Kijana mmoja alishauri zitupwe, kwani kinanda cha kuzipigia hakipo. Shangazi, aliye mkubwa wetu sote, akaishika moja kwa mikono miwili na kusema, "Hazitupwi hizi, wanangu. Humu mna watu."

Ili kuielewa kauli hiyo, yafaa turudi nyuma. Kabla ya kuja plastiki, sahani zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa mitini huko Bara Hindi, ule ule uliopigiwa mihuri ya barua. Ulichanganywa na unga wa mawe na masizi. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi tu. Shairi refu lilibidi likatwe, au lihamie upande wa pili.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, aliyewahi kutembeza vyungu kwa biashara, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zake zilienea pwani nzima, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kwa mama zetu waliokaa nyuma ya pazia, wasioweza kuhudhuria hadhara za wanaume, sahani iliwaletea sauti ya mwanamke mwenzao hadi chumbani. Baadaye duka la Assanand & Sons la hapa Mombasa lilitoa santuri zake kwa jina la Mzuri, na nyumba nyingi zikamsikia Juma Bhalo kwa njia hiyo; lakini zama za lakiri zilikuwa zimekaribia ukingoni.

Kila nyumba ina mwenendo wake katika suala la nyimbo na ala, nasi hatukusudii kuingia katika mjadala huo. Tunalolisema ni kwamba mashairi hayo yamehifadhi Kiswahili cha wazee wetu, mafumbo yao na mawaidha yao, na mengine hayakuandikwa popote.

Nilipojitolea kuzisafisha, nilianza kwa kosa. Nilichovya pamba katika spiriti, nikafuta sahani ya kwanza kwa bidii. Pamba ikatoka nyeusi, nami nikafurahi nikidhani ni uchafu. Kumbe ilikuwa sahani yenyewe, kwani lakiri huyeyuka kwa spiriti. Tulipoipiga ilitoa mkwaruzo mtupu. Karatasi yake ya katikati ilikwisha kuliwa na mende, basi hatujui hadi leo ni nani aliyekuwa akiimba.

Hizo nyingine nilizisafisha kwa maji baridi yaliyotiwa matone machache ya sabuni laini, kwa kitambaa cha pamba, nikifuata mzunguko wa mifereji na kuilinda karatasi isilowe. Kisha nilizikausha kivulini, kwa kuwa jua hupinda sahani. Kila moja niliitia katika bahasha ya karatasi, nikazipanga wima zikiegemeana, mbali na unyevu unaoleta kuvu katika nyumba zetu za pwani. Zilizovunjika usizitupe, fundi mwenye subira anaweza kuviunga vipande ikiwa vyote vipo.

Kuhusu kupiga, sindano ya santuri za plastiki haifai, kwa kuwa ni nyembamba mno kwa mifereji ya sahani hizi. Nayo gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono huzilemea, na sindano yake ya chuma yapasa kubadilishwa kila upande mmoja. Tuliazima kinanda cha umeme chenye mwendo wa 78 na sindano yake maalumu, tukazirekodi kwenye kompyuta. Nakala ya kwanza tuliihifadhi pamoja na mivumo yake yote, ndipo tukaisafisha nakala ya pili.

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri tuliwaalika wazee wa kike wa ukoo. Kahawa ikamiminwa, haluwa ikapitishwa, na sahani zikasikilizwa moja baada ya nyingine. Katika sahani yenye ufa, maneno yalikuwa yakiruka kila mzunguko. Shangazi akafumba macho, akaanza kuyatamka yale yaliyorukwa, neno kwa neno, hadi ubeti ukatimia. Mwanangu aliyaandika katika daftari, pamoja na jina la mwimbaji na la arusi alikoyasikia.

Siku ile nilifahamu kwamba sahani peke yake ni nusu ya hazina. Nusu ya pili imo vifuani mwa wazee. Basi, mama na dada zangu, funueni makasha yaliyo chini ya vitanda, mkawakalishe bibi zenu wasikilize nanyi. Sisi wenyewe tulichelewa: yule aliyezikunja zile leso hatukumuuliza lolote.