Ugunduzi wa Samaki wa Baharini na Majina Yao

Kugundua kiumbe cha baharini, kwa mujibu wa sayansi, si kukiona kwa mara ya kwanza. Kiumbe huhesabiwa kuwa kimegunduliwa pale mtaalamu anapokieleza kwa maandishi na kukipa jina la Kilatini. Kwa hiyo yumkini kiumbe kijulikane na wavuvi tangu kale, na bado kiitwe kipya.

Silikanti ni ushahidi wa jambo hili. Wataalamu waliamini kwamba jamii ya samaki huyu ilitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipopatikana East London, Afrika Kusini, tarehe 22 Desemba 1938. Mwaka 1939 J.L.B. Smith alimwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, aliyetambua kwamba huyo hakuwa samaki wa kawaida. Wa pili alivuliwa Anjouan, Komoro, mwaka 1952. Wavuvi wa huko walikwisha kumjua zamani, nao walimwita gombessa. Mwaka 2001 mwingine alinaswa Malindi, na baadaye wakavuliwa wengi Tanzania.

Hata hivyo, si kila mtaalamu aliyaacha majina ya wenyeji. Peter Forsskål, aliyekusanya samaki wa Bahari ya Sham miaka ya 1762 na 1763, aliyaingiza majina ya Kiarabu katika Kilatini. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake, na hadi leo jamii ya tafi huitwa Siganus, jina lenye asili ya Kiarabu. Kinyume chake, samaki wa bahari ya Zanzibar aliyeelezwa mwaka 2019 aliitwa Cirrhilabrus wakanda, kwa kufuata nchi ya kubuniwa katika hadithi za Marekani.

Suala hili lawahusu watunga kamusi pia. Mwanafunzi wa Misikhu, katika njia ya Webuye kwenda Kitale, hukutana na tafi, changu na chewa vitabuni tu. Akiambiwa kwamba tafi ni "aina ya samaki", hajapata maana yoyote ya kumtofautisha na changu. Hapana budi kamusi itaje umbo la samaki, makao yake na jina lake la Kilatini. Kwa njia hiyo mwanafunzi aliye mbali na pwani ataelewa asomacho, na ujuzi wa wavuvi utahifadhiwa katika maandishi kabla wenye kuyajua majina hayo hawajatoweka.