Kuhesabu Kabla ya Kukokotoa

Chukua sarafu mbili za Tanzania, moja ya shilingi 200 na nyingine ya shilingi 100. Ya 200 ina kichwa cha Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Ya 100 ina kichwa cha Mwalimu Nyerere na, nyuma yake, swala. Zirushe zote mbili. Kuna uwezekano gani wa kupata angalau kichwa kimoja?

Darasani jibu linalokuja haraka ni 2/3. Mwanafunzi anawaza hivi: yanaweza kutokea mambo matatu, yaani vichwa viwili, kichwa kimoja, au kusiwe na kichwa kabisa, mawili kati ya matatu yanafaa. Jibu hilo si sahihi, lakini anayelitoa hana sababu ya kuona haya. Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, alichapisha jibu hilohilo katika ensaiklopidia maarufu ya wakati wake. Yeye alizungumzia sarafu moja inayorushwa mara mbili. Kichwa kikitokea mara ya kwanza, alisema, mchezo umekwisha. Kwa hiyo yapo matokeo matatu tu, na mawili kati yake yana kichwa.

Tazama sasa sarafu zilizo mezani. Zinaweza kuonyesha Karume na Nyerere, Karume na swala, simba na Nyerere, au simba na swala. Matokeo ni manne, na hakuna hata moja lenye nafasi kubwa kuliko jingine. Matatu yana kichwa, basi jibu ni 3/4. "Kichwa kimoja", ambacho mwanafunzi alikihesabu mara moja, kinapatikana kwa njia mbili. Sarafu zikiwa za aina moja njia hizo mbili hujificha, na ndiyo maana napendelea kuanza na sarafu zisizofanana.

Kila kitabu cha sekondari kinafundisha kwamba uwezekano ni idadi ya matokeo yanayotakiwa ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote. Kanuni hiyo ina sharti moja ambalo wengi hulisoma na kulipita: matokeo yote yawe na nafasi sawa ya kutokea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alama nyingi za mada hii hupotea. Kugawanya kila mtu anajua, lakini kazi yenyewe ni kuhesabu vilivyo sawa.

Darasa lenye shaka linaweza kuamua lenyewe. Wanafunzi 40 wakirusha jozi ya sarafu mara 20 kila mmoja, darasa litakuwa na mirusho 800. Kama d'Alembert yuko sahihi, yenye angalau kichwa kimoja itakaribia 533. Kama ni 3/4, itakaribia 600. Pengo hilo ni kubwa mno kuzibwa na bahati, na kipindi kimoja kinatosha kumaliza ubishi.

Wacheza dadu wa Italia walikuwa na shaka ya aina hii, nayo ilimfikia Galileo. Kwa dadu tatu, jumla ya 9 inapatikana kwa makundi sita ya namba, na jumla ya 10 vilevile kwa makundi sita. Mbona 10 hutokea mara nyingi zaidi? Galileo alihesabu upya, safari hii akitofautisha dadu na dadu. Kundi la 1, 2 na 6 lina mipangilio 6, kwa kuwa dadu yoyote kati ya tatu inaweza kubeba 1, na yoyote kati ya mbili zilizobaki ikabeba 2. Kundi la 3, 3 na 4 lina mipangilio 3. Kundi la 3, 3 na 3 lina mmoja tu. Ukijumlisha yote, 9 ina njia 25 na 10 ina njia 27, kati ya 216. Tofauti ni njia 2 kati ya 216, chini ya asilimia moja, nao walikuwa wameihisi kwa kucheza tu. Mimi huwavulia kofia.

Herufi za neno ni zoezi jingine zuri. Herufi nne tofauti hupangika kwa njia 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Jaribu BABA. Andika zote kwa mkono: BABA, BAAB, BBAA, ABAB, ABBA, AABB. Ni sita, kwa sababu kubadilishana nafasi kwa B mbili hakuleti neno jipya, wala kwa A mbili. 24 inagawanywa kwa 2 mara mbili. Aliyeziandika hahitaji kukariri kwa nini tunagawanya.

Kisha mpe mwanafunzi swali la namba ya siri ya tarakimu nne, kama ile ya pesa za simu. Tuseme vitufe vimechakaa kwa kubonyezwa, na mwizi anaona vinne vimefifia. Ana namba 24 za kujaribu. Vikififia vitatu tu, wengi husema kazi yake imepungua. Lakini sasa tarakimu moja imerudiwa, naye hajui ni ipi: zipo chaguo 3, na kila moja ina mipangilio 12. Anakabiliwa na namba 36! Vikififia viwili zinabaki 14.

Somo hili hufika hadi kliniki. Baba na mama wakiwa wote wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, kila mmoja humpa mtoto ama kinasaba cha kawaida ama chenye selimundu, kwa nafasi sawa. Jedwali ni lilelile la sarafu mbili: njia nne, na moja tu kati yake inaleta ugonjwa. Wapo wazazi wanaoisikia "moja kati ya nne" wakaelewa kwamba, mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Kila mimba ni mrusho mpya, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka jana. Katika familia ya watoto wanne, uwezekano wa wote kuukwepa ugonjwa ni 3/4 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 81/256, takriban asilimia 32. Uwezekano wa kuugua mmoja tu ni 108/256, asilimia 42. Zinabaki njia 67 kati ya 256, zaidi ya robo, ambamo wanaugua wawili au zaidi. Ni kipimo cha damu kinachoweza kuwaambia wachumba, kabla ya mtoto wa kwanza, kama jedwali hili linawahusu.