Sheria ya intaneti: mwanainchi wa Fizi anaweza kumwambia nini mbunge wake?

Mtu wa Baraka anapokea sauti katika kikundi cha WhatsApp. Inasema kiongozi fulani amekula pesa za msaada. Bila kuuliza, anaituma kwa vikundi vingine vitatu. Ikionekana ni uongo, aliyeianzisha anaweza kushitakiwa, na huyu aliyeituma pia.

Ndivyo inavyosema sheria inayoitwa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023. Kipengele chake cha 360 kinamlenga anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao. Azabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, ao moja kati ya hizo.

Hakuna anayetetea uongo. Shida ni kwamba sheria hiyo hiyo inaweza kumfunga anayesema ukweli usiopendwa. Mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa mwezi wa 9, 2023, na sheria hiyo ilikuwa kati ya zile zilizotumiwa kumshitaki. Alitoka gerezani mwezi wa 3, 2024.

Tena, intaneti yenyewe imekwisha kukatwa inchi nzima, sawa vile Januari 2015 na kisha uchaguzi wa Desemba 2018. Wakati huo, mwenye jamaa mbali hajui kama wako salama.

Mbunge anaweza kufanya nini?

Code du numérique ni amri ya Raisi yenye nguvu ya sheria. Lakini mbunge wa taifa ana haki ya kuleta pendekezo la kubadili sheria, kumuuliza waziri kwa maandishi ao kwa mdomo, hata kumwita ajieleze mbele ya Bunge.

Si maneno matupu. Wengi wanakumbuka RAM, ile pesa iliyokuwa ikikatwa kwenye unite za simu tangu 2020. Watu walilalamika kila pahali, wabunge wakambana waziri mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa.

Namna ya kuandika

Kipengele cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika.

Barua nzuri ni fupi, ukurasa moja unatosha. Itaje sheria na kipengele, ieleze kwa mfano namna kinavyogusa watu wa hapa, kisha iombe jambo moja wazi. Kwa mfano: aliyetuma habari bila kujua kwamba ni uongo asifungwe. Matusi yanaiharibu.

Barua ya wavuvi, wamama wa soko, walimu na vijana wakiweka sahihi pamoja ina uzito kuliko ya mtu moja. Zitolewe nakala mbili: moja inabaki kwa mbunge, nyingine inarudi na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Bila hiyo, ni vigumu kuonyesha siku miezi 3 ilipoanza.

Wakati nao una maana. Bunge linakaa tangu 15 Machi hadi 15 Juni, na tangu 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ni likizo, wakati wabunge wanatazamiwa kurudi kwa waliowachagua na kuwasikiliza. Akifika Fizi ao Baraka, heri akute barua imekwisha kuwa tayari.